Mpatanishi Huanza na Watu wa Kwao

Kila baada ya miaka mitano, nchi yetu inapojiandaa kupiga kura, makanisa hujaa maombi ya amani. Wanasiasa hukaribishwa mbele, huinamisha vichwa na kuombewa, kisha jioni iyo hiyo hupanda majukwaani na kutupiana maneno ya kuchoma. Waumini nao, baada ya kuitikia “Amina”, hurejea kila mmoja katika kambi yake. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na swali linalonisumbua ni hili: je, kuomba amani na kuleta amani ni jambo moja?

Mimi nashikilia kwamba si jambo moja. Katika mahubiri yake ya mlimani, Yesu aliwataja kwa heri wapatanishi, si watu wanaotamani utulivu tu. Kupatanisha ni kazi, na kazi hiyo huanzia mahali tusipopapenda, yaani miongoni mwa watu wetu wenyewe.

Hebu tukumbuke yaliyotufika. Tarehe 1 Januari mwaka 2008, siku mbili baada ya matokeo ya kura za urais kutangazwa, kanisa moja kijijini Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, lilitiwa moto ilhali ndani yake mlikuwa na watu waliokimbilia usalama, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha nchini katika machafuko yale. Maadamu Wakenya wengi ni Wakristo, hatuwezi kujidanganya kwamba wachochezi na washambulizi wote walikuwa wageni katika nyumba za ibada.

Kwa nini sauti ya makanisa haikusikika siku zile? Jibu lilitoka kwa makanisa yenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kidini walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa sababu hiyo wakashindwa kuukabili mgogoro ule ipasavyo. Refa aliyevaa jezi ya timu moja, hata apulize kipenga kwa haki namna gani, nani atamtii?

Hata hivyo, palikuwapo na mfano mwingine papo hapo Eldoret. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Eldoret tangu mwaka 1990 hadi alipofariki mwaka 2017, alikuwa Mkalenjin kwa kuzaliwa. Machafuko yalipozuka, aliufungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa maelfu ya waliofurushwa makwao, wengi wao wakiwa Wakikuyu. Msomaji hahitaji kuelezwa ni lawama za namna gani humwandama mtu anayewahifadhi wale ambao baadhi ya watu wa kwao wamekwisha kuwaita maadui.

Askofu huyo hakuishia kwenye hifadhi. Njia aliyoitumia na kuieleza katika kitabu chake “Amani Mashinani” cha mwaka 2009 ina funzo kubwa kwa mwalimu na mwanafunzi. Hakuanza kwa kuwakutanisha mahasimu ili washikane mikono mbele ya wapiga picha. Kwanza kila jamii ilikaa peke yake, ikataja machungu yake bila woga, ikasikilizwa. Ndipo wawakilishi wachache wa pande zote wakakutanishwa na malalamiko ya kila upande yakawekwa wazi. Baada ya makubaliano zilifuata kazi za pamoja, kama vile ujenzi wa barabara na shule, ili jirani amhitaji jirani yake tena.

Wapo wanaodai kwamba kuyataja machungu ni kutonesha vidonda, na kwamba Mkristo mwema hunyamaza na kusamehe. Mimi nasema hiyo ndiyo funika kombe mwanaharamu apite. Burnt Forest iliungua katika mapigano ya mwaka 1992. Kombe likafunikwa, na mwanaharamu hakupita, bali alirejea mwaka 2008. Msamaha wa kweli hauogopi kusikia nani alinyang'anywa shamba, wala nani alizikiwa mtoto. Upatanishi haumwambii aliyeumizwa kwamba kosa lake na la aliyemuumiza ni sawa. Humtaka kila mmoja aukubali ukweli, hasa ule unaowaaibisha watu wake.

Hapo ndipo ulipo ugumu. Kumkemea mtu wa upande wa pili ni rahisi, na aghalabu hushangiliwa. Lakini maneno hayo humfikia mlengwa yakiwa matusi ya adui. Mtu husikiliza onyo la ndugu yake, yule anayezungumza lugha yake na ambaye hawezi kushukiwa kuwa na chuki naye. Kwa hiyo Mkristo hupimwa pale ambapo hayupo mgeni hata mmoja: mezani nyumbani, katika kikao cha ukoo, na katika makundi ya simu ambako watu wa jamii moja huandikiana kwa lugha ya mama. Humo ndimo jamii nyingine hupewa majina ya wadudu na magugu. Akinyamaza humo, ibada ya pamoja ya Jumapili itamfaa nini?

Kwenu walimu, chumba cha walimu kinachogawanyika kwa makabila wakati wa kampeni hakiwezi kulifundisha darasa umoja. Mzaha wa kikabila unaochekwa na mwalimu huwa somo kwa mwanafunzi, ajapokuwa hakuuandika ubaoni. Nanyi wanafunzi, mnaokutana katika vyama vya Kikristo shuleni na vyuoni, msiridhike kuandaa mkesha wa kuliombea taifa. Mwenzenu wa kabila lenu anapomdhihaki mwingine, mwambieni wazi kwamba hapo amekosa, kabla mtu wa nje hajalazimika kumwambia.

Anayefanya hivyo ataitwa msaliti, na jina hilo litamuuma. Lakini siku watu wa kwao watakapohitaji mtu wa kuwavusha ng'ambo kwa jirani, yeye ndiye atakayekuwa bado anaaminiwa katika pande zote mbili.