Pombe ya mtama

Pombe ya mtama ni kinywaji chenye kileo kinachotengenezwa kwa unga na kimea cha mtama (Sorghum bicolor). Hupikwa nyumbani katika nchi nyingi za Afrika kusini kwa Sahara. Makala hii inaieleza hasa kwa kuangalia mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako wenyeji wengi ni Wasukuma na ambako uchimbaji wa dhahabu umekusanya watu kutoka kila upande wa nchi.

Tofauti na bia ya chupa, pombe hii haichujwi mpaka ikawa angavu. Ni nzito, ina rangi ya kahawia au ya waridi iliyofifia, ina uchachu, na hunywewa ikiwa bado inachacha. Kiasi cha kileo kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 5.

Mtama na mazingira yake

Mtama ni nafaka ya asili ya Afrika. Mabaki ya kale ya mtama uliolimwa yamepatikana mashariki mwa Sudan, nayo yana umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mmea huu huvumilia ukame kuliko mahindi, kwa hiyo umefaa sana nyanda za Shinyanga zenye mvua isiyotabirika. Siku hizi mahindi na mpunga vimechukua nafasi kubwa mezani, lakini mtama na uwele bado hulimwa, na sehemu ya mavuno huenda kwenye pombe.

Mtama mwekundu una tanini nyingi, yaani kemikali zinazoleta ukakasi mdomoni. Ndege aina ya kwelea kwelea, ambao ni adui wakubwa wa mashamba ya mtama, huupenda kidogo kuliko mtama mweupe. Mkulima aliyepanda mwekundu hupata hasara ndogo shambani, na ule ukakasi usiopendeza katika ugali huvumilika, hata hutafutwa, katika pombe.

Utengenezaji

Hatua na idadi ya siku hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini mpango wa kazi ni huu:

1. Kuotesha. Punje huoshwa, hulowekwa kwa muda wa usiku mmoja au siku nzima, kisha hutandazwa mahali penye kivuli na kufunikwa kwa majani au gunia lenye unyevu. Baada ya siku 3 hadi 5 huwa zimechipua. Hapo huanikwa juani hadi zikauke. Hiki ndicho kimea.

2. Kusaga. Vichipukizi na mizizi hupukuswa na kupepetwa, kisha kimea husagwa kwa jiwe au mashine.

3. Kupika uji. Unga wa mtama usiooteshwa, au wa mahindi, hupikwa katika chungu au pipa hadi uwe uji mzito.

4. Kuchanganya. Uji huachwa upoe kiasi, kisha unga wa kimea hutiwa na kukorogwa. Baada ya saa chache uji ule mzito hulegea na kuwa mtamu. Ukinywewa katika hatua hii, au baada ya kuchachuka kidogo tu, huitwa togwa, na hupewa hata watoto.

5. Kuchachusha. Mchanganyiko huachwa siku 1 hadi 3. Mara nyingi huongezwa kimea kidogo kibichi, au masimbi ya pombe iliyopita, ili kuharakisha kazi.

6. Kuchuja. Pombe hupitishwa katika kung'uto au kitambaa. Machicha yanayobaki hulishwa nguruwe, kuku na ng'ombe.

Pombe iliyo tayari haikai. Baada ya siku mbili au tatu uchachu huzidi ikawa kama siki. Ndiyo maana mpika pombe hupanga kazi yake kwa kurudi nyuma: akitaka kuuza Jumamosi, huloweka mtama zaidi ya juma moja kabla.

Kinachotokea ndani ya chungu

Punje ya mtama imejaa wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya viitwavyo amilasi, ambavyo kazi yake ni kuvunja wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Mpika pombe huukatiza mche njiani kwa kuuanika, akabaki na vimeng'enya kwa matumizi yake.

Hapa kuna tatizo ambalo mafundi wa zamani walilitatua bila kipimajoto. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 70 za Selsiasi, lakini vimeng'enya vingi vya kimea huanza kuharibika karibu na joto hilohilo. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka, hufa na uji haulegei. Uji ukiwa haukuiva, vimeng'enya havipati cha kuvunja. Jibu ni kuigawa kazi mara mbili: kwanza kuivisha wanga, kisha kupoza na kutia kimea. Shayiri haina shida hii kwa kiwango hicho, kwa kuwa wanga wake hulainika kwenye joto la chini zaidi.

Baada ya hapo viumbe wa aina mbili hufanya kazi pamoja. Bakteria wa asidi laktiki huleta uchachu, na uchachu huo huzuia vijidudu vingi vya magonjwa kukua. Hamira, hasa Saccharomyces cerevisiae, hugeuza sukari kuwa kileo na gesi:

C6H12O6 → 2 C2H5OH + 2 CO2

Gesi hiyo ya kabonidayoksaidi ndiyo inayotoa povu. Ndiyo pia sababu ya kutofunga kabisa chombo chenye pombe changa: chupa au dumu lililozibwa linaweza kupasuka.

Nafasi katika jamii

Kwa Wasukuma, kama kwa jirani zao Wanyamwezi, pombe ilikuwa malipo ya kazi za ushirika. Mwenye shamba aliwaita majirani kulima au kuvuna, naye akawapikia. Pombe ilikuwepo pia kwenye harusi, ngoma na matambiko, ambapo kiasi fulani kilimwagwa chini kwa ajili ya mababu. Wakristo wa madhehebu kadhaa na Waislamu hawanywi, na katika familia hizo togwa huchukua nafasi yake.

Upishi kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, na kwa wengi, wakiwemo wajane na walioachika, ndiyo fedha taslimu iliyo karibu zaidi: mtaji ni mtama, kuni na maji. Watoto wengi wamelipiwa daftari na sare kwa fedha ya kilabu cha pombe. Upande wa pili, fedha hiyohiyo imetoka mfukoni mwa mzazi wa mtoto mwingine. Mambo haya mawili hukaa katika kijiji kimoja, na anayezungumzia pombe ya kienyeji hana budi kuyaona yote.

Katika ukanda wa dhahabu

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001. Pembeni yake kuna maelfu ya wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa. Makambi hayo huleta pamoja watu wenye desturi tofauti za unywaji. Wanaotoka Kagera wanajua rubisi ya ndizi, wanaotoka Kilimanjaro wanajua mbege ya ndizi na ulezi, na wanaotoka Tabora wanajua wanzuki ya asali.

Mazingira ya machimbo huongeza hatari. Kushuka katika duara baada ya kunywa ni kuhatarisha uhai wa mnywaji na wa wenzake wanaoshika kamba. Aidha, zebaki na sianidi hutumika kukamatia dhahabu. Pipa au dumu lililowahi kubeba kemikali hizo lisitumike kwa pombe wala kwa maji, hata likioshwa mara nyingi, na maji ya mto unaopita chini ya mialo ya kuoshea dhahabu hayafai kupikia.

Usalama

Nafaka yenye ukungu haifai kwa pombe, ingawa wengine huidhani kuwa ndiyo ya kutumia kwa kuwa imeharibika kwa ugali. Sumu ya aflatoksini haiondolewi kwa kuchemsha. Mfano mchungu zaidi ni wa Januari 2015 huko Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, ambapo watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nafaka msibani. Mwanzoni walidhani imetiwa sumu. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga uliotumika ulikuwa umeharibika, na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alikuwa ametengeneza asidi ya bongkreki, sumu isiyoharibiwa na moto.

Vichipukizi vya mtama vina kiini kinachoweza kutoa sianidi. Kukausha kimea vizuri na kupukusa vichipukizi na mizizi kabla ya kusaga hupunguza hatari hiyo. Si suala la usafi peke yake.

Hatari ya methanoli huhusishwa zaidi na pombe kali zilizochakachuliwa kuliko na pombe ya nafaka iliyochacha tu.

Sheria

Nchini Tanzania uuzaji wa pombe, ikiwemo ya kienyeji, husimamiwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 (Sura ya 77), inayotaka muuzaji awe na leseni. Gongo, yaani pombe inayokenekwa kwa mvuke, iko chini ya sheria nyingine ya mwaka 1966. Tangu Machi 2017 pombe kali katika vifuko vidogo, maarufu kama viroba, imepigwa marufuku.

Kuonja na bia za viwanda vidogo

Katika nchi nyingi kutengeneza bia nyumbani ni burudani. Uingereza iliondoa leseni kwa wanaojitengenezea mwaka 1963, na Marekani iliruhusu kwa sheria ya shirikisho iliyosainiwa mwaka 1978. Wapenzi hao huonja kwa utaratibu: hutazama rangi na povu, hunusa, huonja kidogo, hupima uzito mdomoni, kisha husikiliza ladha inayobaki. Wapika pombe wa Usukuma hufanya karibu hayohayo wanapoonja kwa kata na kuamua kama pombe imeiva, bado ni changa au imepita.

Viwanda navyo vimeurudia mtama. Nchini Uganda bia ya Eagle, iliyoanza mwaka 2002, hutengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur unaonunuliwa kwa wakulima wadogo. Viwanda vidogo vya bia za pekee vimefunguliwa pia katika miji ya Afrika Mashariki kama Nairobi na Dar es Salaam, lakini mara nyingi hutumia shayiri na hopsi (Humulus lupulus). Kwa kuwa mtama hauna gluteni, bia yake huwafaa hata watu ambao miili yao haipokei ngano na shayiri.