Akaunti Inapokataa Kufunguka: Mwongozo kwa Walimu wa Tiira na Mpakani

Walimu wanafunzi wanaopelekwa mazoezi ya kufundisha upande wa Busia na Tororo hukutana na tatizo moja ambalo halimo katika vitabu vya mbinu za ufundishaji. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti imefika, alama zimeandikwa, lakini tovuti ya chuo haimruhusu mwalimu kuingia. Anajaribu mara tano, akaunti inafungwa, na kazi ya majuma sita inabaki mkononi. Makala hii inaeleza sababu za kawaida na jinsi ya kuzitatua, hasa kwa aliye Tiira, ule mji mdogo wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Busia, Uganda, ambako si ajabu mtu kuwa na laini mbili za simu, moja ya Uganda na nyingine ya Kenya.

Soma ujumbe kwanza

Wengi wakikataliwa huandika tena yale yale kwa haraka zaidi. Hilo ni kosa, kwa sababu ujumbe wenyewe hueleza mlango upi umefungwa. Hapa mwanafunzi wa lugha ana faida. “Neno la siri si sahihi” maana yake ni kwamba ulichoandika hakilingani na kilichohifadhiwa. “Neno la siri batili” mara nyingi ni jambo lingine: ulichoandika hakitimizi masharti, pengine ni kifupi mno au hakina tarakimu. “Muda umekwisha” haihusu neno la siri hata kidogo. Ukurasa ulikaa wazi mpaka ukachoka kukusubiri, na dawa yake ni kuufungua upya. Ukurasa usipofunguka kabisa, tatizo liko kwenye mtandao au kwenye tovuti yenyewe, na kubadilisha neno la siri hakutasaidia.

Msamiati huu haujatulia bado. Programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, na Facebook ya Kiswahili, iliyoanza 2009, zilizoesha watu kuona kompyuta ikisema lugha yetu, lakini hadi leo utakuta “neno la siri”, “nenosiri” na “nywila” kwa kitu kile kile. Mwalimu asiwaadhibu wanafunzi kwa kuchagua moja. Awafundishe kuyatambua yote matatu.

Herufi zinazotudanganya

Sababu ya pili ni maandishi. Simu hupenda kugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, na huongeza nafasi tupu baada ya neno ililolikamilisha yenyewe. Jina la mtumiaji lenye nafasi tupu mwishoni huonekana sawasawa machoni, lakini tovuti nyingine huliona kuwa jina tofauti. Simu iliyowekwa Kiingereza huweza pia kusahihisha neno la Kiswahili bila kukuuliza.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi zaidi: ng’. Aliyetumia neno lenye ng’ katika neno lake la siri, au katika jibu la swali la usalama, akumbuke kwamba kile kialama huandikwa kwa namna mbili, kilichonyooka na kilichopinda. Ukikiandika moja kwa moja kwenye kibodi, kwa kawaida hutoka kilichonyooka. Ukinakili neno kutoka waraka wa Word, huja kilichopinda. Kwa macho ni ng’ ile ile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Dawa ni kuandika kwa mkono badala ya kunakili, na kubonyeza alama ya jicho ili uone unachoandika.

Sifuri saba ya nchi ipi?

Tovuti nyingi hutuma tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Hapa ndipo mpaka unapoingia. Namba za simu za mkononi za Uganda na nyingi za Kenya zina umbo moja: tarakimu kumi zinazoanza na 07. Kinachozitofautisha ni namba ya nchi, 256 kwa Uganda na 254 kwa Kenya, inayochukua nafasi ya ile sifuri ya mwanzo.

Sasa, tovuti hukisia nchi yako kutokana na mtandao unaoutumia. Ukiwa na laini ya Kenya kwa ajili ya intaneti, ukurasa huenda ukakuwekea 254 tayari. Ukiandika namba yako ya Uganda bila kutazama, tovuti haitaona kosa lolote, maana namba ina umbo halali. Tarakimu zako zitakwenda kwa mtu usiyemjua ng’ambo ya mpaka, nawe utakaa ukisubiri. Hakikisha nchi kabla ya kubonyeza “Tuma”.

Ikiwa namba ni sahihi na ujumbe hauji, tazama jina la mtandao juu ya kioo cha simu. Karibu na mpaka, mjini Busia au Malaba, simu huweza kushika mnara wa nchi jirani, na ujumbe ukachelewa au usifike. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako kwa mkono, kisha uombe tarakimu mpya. Usiombe mara nne mfululizo. Kwa kawaida ni zile za mwisho tu zinazokubalika, na zinazofika zikiwa zimechelewa zitakuchanganya.

Saa ya simu na saa ya Kiswahili

Wengine hutumia programu ya simu inayozalisha tarakimu mpya kila baada ya sekunde 30. Tarakimu hizo hukokotolewa kutokana na saa. Simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa, tarakimu zitakataliwa ingawa umezinakili vizuri. Aliyeiweka simu yake 1:00 kwa sababu ni saa moja asubuhi ameirudisha nyuma kwa saa sita. Tarehe ikipotea baada ya betri kutolewa, kivinjari nacho hulalamika kwamba tovuti si salama. Acha simu ijipangie saa yenyewe. Uganda, Kenya na Tanzania zina majira mamoja, kwa hiyo kuvuka mpaka hakubadilishi kitu.

Somo hili lihusishwe pia na siku ya mwisho. Tangazo likisema 5:00 PM, hiyo ni saa kumi na moja jioni. Anayeisoma kama saa tano usiku atakuta tovuti imefungwa saa sita zilizopita, na hapo hakuna neno la siri litakalomfungulia.

VPN na akaunti yenye wasiwasi

Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini. Watu wengi wakajifunza kutumia VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo. Tatizo ni kwamba akaunti iliyokuona Tiira asubuhi ikikuona Ulaya mchana hudhani umeibiwa, na hujifunga kwa usalama wako. Zima VPN kabla ya kuingia kwenye tovuti ya chuo au ya mitihani.

Mambo ya kufanya kabla hayajaharibika

1. Weka anwani ya barua pepe ya kukuokoa, ambayo unaweza kuifungua bila laini ya simu.
2. Ukitaka kuacha laini, badilisha kwanza namba kwenye akaunti zako. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine, na tarakimu zako zitamfikia yeye.
3. Ukikosea mara tatu, simama. Subiri, kisha tumia “Umesahau neno la siri?” badala ya kubahatisha.
4. Kwenye kompyuta ya kukodi, kataa ikikuuliza ihifadhi neno la siri, na bonyeza “Toka” unapomaliza.
5. Usimtajie mtu yeyote tarakimu za uthibitisho, hata akijitambulisha kuwa ni fundi wa tovuti. Fundi wa kweli hazihitaji.
6. Wasilisha kazi siku mbili kabla. Ukikwama, piga picha ya ujumbe wa kukataliwa pamoja na saa, uutume kwa msimamizi wako siku ile ile. Huo ni ushahidi. Maneno “mtandao ulisumbua” si ushahidi.

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda, shule za Busia na Tororo zimehitaji walimu zaidi wa somo letu. Katika shule nyingi, mwalimu kijana ndiye atakayeitwa wenzake wanapokwama mbele ya kompyuta. Akiweza kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi tofauti ya “si sahihi” na “batili”, na kwa nini 254 imekaa mahali pa 256, atakuwa amefundisha lugha nje ya darasa, na ripoti za wenzake zitafika kwa wakati.