SAFARI YA CHUPA YA BIA KATIKA MTAMBO MPYA

Vyaelea, vimeundwa. Mtu afunguapo chupa ya bia jioni, baada ya kazi, ni nadra kufikiri juu ya safari iliyopitwa na chupa ile. Bia yaweza kupikwa vizuri sana, kisha ikaharibikia chupani. Kwa hiyo kiwanda kibadilipo mitambo yake ya zamani ya kutilia bia katika chupa, hakitafuti haraka tu.

Kampuni ya bia ya Ruaraka, Nairobi, ilianza mwaka 1922, na siku zile kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Leo, katika viwanda vikubwa, ni mashine nyingi zilizofuatana, na mikanda huzipitishia chupa maelfu kwa saa.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Chupa zirudizo kutoka madukani huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda, kiasi cha digrii 80 za sentigredi, ili uchafu na karatasi za zamani zitoke. Lakini hazitumbukizwi humo kwa ghafula. Kila mama wa nyumbani ajua kwamba gilasi baridi ikimiminiwa chai ya moto hupasuka. Basi chupa hupashwa moto kidogo kidogo, na kupozwa vivyo hivyo.

Zamani, chupa zilizooshwa zilipita mbele ya taa, na mfanyakazi aliyeketi hapo alizitazama moja moja, akitoa zenye ufa au takataka. Macho ya mwanadamu huchoka upesi, hata ikawapasa watu kupokezana. Katika mtambo mpya, kamera hutazama mdomo, ubavu na kitako cha kila chupa, na iliyo mbovu husukumwa kando.

Adui mwingine ni hewa, maana oksijeni kidogo tu huharibu ladha. Mashine mpya hufyonza hewa iliyomo chupani, hutia gesi ya kabonidayoksaidi mahali pake, ndipo bia huingia. Kisha bia hufanywa itoe povu, ili povu hilo liifukuze hewa ya shingoni kabla ya kufungwa kwa kizibo cha bati, cha namna aliyoivumbua Mmarekani William Painter mwaka 1892. Chupa ikipasuka hapo, mashine hujisafisha kwa maji na kuziondoa chupa jirani, kwani kigae kidogo cha kioo chaweza kumdhuru mnywaji. Mwishowe chupa hunyunyiziwa maji ya moto mpaka bia ifikie digrii 60 hivi, kwa njia iliyotokana na elimu ya Louis Pasteur, ili isichache upesi.

Mabadiliko haya yana gharama yake. Mahali palipohitaji watazamaji wengi wa chupa sasa pahitaji wachache, tena wenye kujua umeme na kompyuta. Kiwanda kinunuacho mashine bila kuwafundisha wafanyakazi wake kimenunua nusu ya mtambo.

Mnywaji naye ana sehemu yake. Chupa iliyotiwa mafuta ya taa au rangi huwa taabu kuosha, na kamera haiwezi kunusa. Chupa tupu na irudishwe dukani kama ilivyotoka, kwa maana kesho yaweza kumfikia jirani, au kumrudia yeye mwenyewe.