"Significant" si lazima iwe "kubwa"

Umewahi kukutana na kichwa cha habari kinachosema wanasayansi wamepata dawa inayoshusha presha "kwa kiasi kikubwa"? Ukiitafuta ripoti yenyewe ya utafiti, mara nyingi utakuta neno lililoandikwa pale ni "significant". Mwandishi kafungua kamusi, kaona "muhimu", "kubwa", "enye maana", kachagua moja akaendelea na kazi. Kwa Kiingereza cha mazungumzo hajakosea. Kwa Kiingereza cha takwimu, habari nzima imebadilika.

Tuanze na ukoo wa neno lenyewe. Babu yao ni neno la Kilatini "signum", yaani alama. Hapo ndipo walipotoka "sign" (alama au ishara), "signal" (ishara inayotumwa), "signature" (saini) na "signify" (kuashiria). Saini yetu ya Kiswahili nayo imepita njia hiyo hiyo. Hata "resign", kujiuzulu, ni mjukuu wa ukoo huu: Kilatini chake kilikuwa na maana ya kubandua muhuri, na kwa hiyo kufuta jambo.

Sasa, kila fani imemlea mtoto wake kivyake. Daktari akisema "sign" anamaanisha kile anachokiona au kukipima yeye mwenyewe, kama vile uvimbe au joto la mwili kwenye kipimajoto. Maumivu anayoyasikia mgonjwa peke yake yana jina jingine, "symptom". Sisi vyote viwili tunaviita dalili. Kwenye hisabati, "significant figures" ni tarakimu zinazobeba taarifa: namba 0.0045 inazo mbili tu, 4 na 5, kwa sababu sufuri za mbele zinashika nafasi tu. Na mtu akikwambia anakuja na "significant other" wake, usitafute kikokotoo. Anakuja na mwenza wake.

Tatizo letu liko kwenye takwimu. Mwaka 1885, Francis Edgeworth alitumia msamiati huu kuuliza swali moja: tofauti kati ya wastani mbili inaashiria jambo halisi, au imetokea kibahati tu? Ona alivyokuwa karibu na babu "signum". Hakuwa anauliza kama tofauti ni kubwa. Alikuwa anauliza kama ni alama ya kitu. Mwaka 1925, Ronald Fisher alichapisha kitabu cha mbinu za takwimu kwa watafiti, na kupitia kitabu hicho kiwango cha 0.05, yaani 1 kati ya 20, kikasambaa katika fani nyingi.

Kiwango hicho kinafanya kazi hivi. Chukulia kwamba dawa haifanyi kitu kabisa. Je, kuna uwezekano gani wa kuona tofauti kama tuliyoiona, au iliyozidi hapo? Uwezekano huo ukiwa chini ya 0.05, watafiti huandika "significant". Basi, ni hilo tu. Neno halisemi dawa ina nguvu kiasi gani, wala halisemi kwamba uwezekano wa dawa kufanya kazi ni asilimia 95.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dawa A imejaribiwa kwa watu 20,000, nusu wakipewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa ndani. Waliotumia dawa presha yao imeshuka kwa milimita 1 zaidi ya wenzao. Kwa idadi kubwa hivyo ya watu, hata tofauti hiyo ndogo inaweza kuwa "significant". Dawa B imejaribiwa kwa watu 20 tu, na tofauti imekuwa milimita 10. Kwa kuwa watu ni wachache na presha hupanda na kushuka yenyewe, matokeo yanaweza kuwa "not significant". Ukitafsiri neno neno, utawaambia wasomaji kwamba dawa A ina faida kubwa na dawa B haina maana. Kumbe A huenda isimsaidie mgonjwa yeyote kwa kiasi cha kuonekana, na B inastahili kujaribiwa tena kwa watu wengi zaidi.

Si sisi tu tunaochanganyikiwa. Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kueleza kwamba kipimo hiki hakipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Mwaka 2019, zaidi ya watu 800, wengi wao wanasayansi, waliunga mkono makala katika jarida la Nature iliyotaka neno hilo liachwe kabisa katika matumizi haya.

Halijaachwa, kwa hiyo utaendelea kukutana nalo. Ukiwa unaandika tasnifu au habari kwa Kiswahili, andika "tofauti ambayo ni vigumu kuielezea kwa bahati tu". Ni ndefu, ndiyo, lakini haidanganyi. Na ukiwa msomaji, usiishie kwenye neno hilo. Uliza tofauti ilikuwa ya kiasi gani na ilipimwa kwa watu wangapi. Kama habari haikujibu hayo mawili, bado hujaambiwa kama dawa ile inafaa kumezwa.