Kibubu cha Viwembe Ndani ya Ukuta

Tulikuwa tunabomoa ukuta wa jiko katika nyumba iliyojengwa mwaka 1924 hapa Columbus, Ohio. Nilikwisha kung'oa lipu na papi zake hadi karibu na sakafu, nikapenyeza mtaimbo kutoa ubao wa mwisho. Kitu kikaanza kumwagika. Nikadhani ni magamba ya kutu ya bomba la zamani, nikainama niyazoe kwa mkono, maana glavu nilikuwa nimezivua nifute jasho. Mwenzangu, kijana wa Bukavu, akanidaka kiganja. "Yaya, usiguse! Ni viwembe!" Huniita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao.

Vilikuwa viwembe kweli, vile vyembamba vya makali pande mbili ambavyo shuleni Tanga tulichongea penseli. Vingi vimegandamana kwa kutu, vichache bado vinameta ukingoni. Kila nilipogusa ubao kwa ncha ya mtaimbo, vingine vilichuruzika kama mtama kutoka kwenye gunia lililotoboka.

Swali likawa, nani alikuwa akinyolea ndevu jikoni? Mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu aliyekulia humo humo, alipoona lile rundo alishika shavu. Akatupandisha ghorofani, bafuni, akafungua kabati dogo la dawa lililozamishwa ukutani nyuma ya kioo. Mgongoni mwa kabati palikuwa na kijitundu chembamba, kirefu kidogo kuliko upana wa kidole gumba, mfano wa tundu la kibubu cha kuwekea sarafu. Baba yake, alisema, alikuwa akitumbukiza humo kila kiwembe kilichoisha makali. Siku nyingine alimnyanyua yeye, akiwa mtoto, wakati baba akitumbukiza, asikie kinavyogonga mbao kikishuka. Alieleza hayo huku akitabasamu, nami nikaona kwamba rundo lile kwangu lilikuwa hatari na kwake lilikuwa baba.

Msomaji aliyezoea kuta za matofali atauliza kiwembe kinapita wapi. Nyumba nyingi za Marekani ni za mbao. Ukuta wake ni nguzo za mbao zilizosimamishwa kila baada ya sentimita 40 hivi, zikafunikwa huku na huku, na katikati pakabaki uwazi. Katika mtindo wa zamani wa ujenzi, nguzo moja ilitoka msingini hadi darini bila kukatwa na sakafu ya ghorofa. Katika nyumba ya namna hiyo, kitu kinachodondoshwa bafuni juu, kisipokwama njiani, huweza kufika chini kabisa. Ndicho kilichotokea kwetu.

Chanzo chake ni biashara. Zamani mwanamume alikuwa na wembe mmoja wa kukunja, akiunoa kwenye mkanda wa ngozi, na akifa mwanawe huurithi. King Gillette, mchuuzi aliyekuwa akiuza vifuniko vya chupa, akawaza kiwembe cha bei ndogo ambacho mtu hakinoi, hukitumia siku chache na kukitupa. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, ziliuzika nyembe 51 zenye mpini wa kushikia kiwembe, na viwembe 168 tu. Mwaka uliofuata akapata hataza, na biashara ikapaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, serikali ya Marekani iliagiza nyembe milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake, na waliorudi nyumbani walirudi na mazoea hayo.

Hapo ndipo ilipozaliwa taka ambayo haikuwa na pa kwenda. Ukiitia kwenye pipa, itamkata mzoa taka. Ukiiacha mezani, mtoto ataiona. Viwembe vya wakati ule vilikuwa vya chuma kinachoshika kutu upesi, kwa hiyo vilitupwa mara kwa mara. Watengeneza makabati wakatoboa kijitundu, na ukuta ukapewa kazi ya jaa. Mtindo huo ulidumu miongo kadhaa, hadi miaka ya 1970 nyembe zenye vichwa vya plastiki, visivyopenya tunduni, zilipoenea.

Nimejaribu kupiga hesabu ya yule baba. Tuseme kiwembe kimoja kwa wiki kwa miaka 40: ni viwembe 2,080. Kila kimoja kina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo ukivipanga vizuri hupati rundo la kufika hata sentimita 21. Ndiyo sababu haikuwa rahisi mwenye nyumba kuona ukuta wake ukijaa. Siwalaumu wazee wale. Walimkinga mtoto na walimkinga mzoa taka. Aliyesahaulika ni fundi.

Na nikiwaza hivyo namkumbuka mama yangu. Kwetu kiwembe kilinyoa nywele za mtoto mchanga, kilifumua mshono, kilikata kucha, na kikiisha alikifunga ndani ya karatasi yake na kunituma: "Kakitie chooni, mwanangu, usikiache njiani." Choo cha shimo ndicho kilikuwa ukuta wetu. Lakini shimo nalo hujaa, kisha hutapishwa, na Dar es Salaam kuna vijana wanaoitwa vyura wanaoingia humo kwa miguu yao. Naomba sana tuache kutupa viwembe chooni. Chukua kopo la bati la maziwa ya unga, toboa kifuniko kwa ncha ya kisu, pachika kifuniko na ukizungushie utepe wa gundi, kisha liweke juu, mtoto asipofika. Litakutosha miaka mingi. Likijaa, ziba tundu, andika "viwembe", na mkabidhi mzoa taka mkononi ukimwambia kilichomo.

Sisi tulivizoa kwa beleshi, kisha tukapitisha sumaku ndani ya mfuko mnene kuokota vilivyojificha kwenye kifusi. Vilijaza kopo la rangi la lita nne, tukalifunga. Fundi mwenzangu, kama umekatwa, osha jeraha na ukaulize juu ya chanjo. Kutu yenyewe haileti pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na vumbi, na ukuta wa miaka mia umejaa vumbi.

Bafu la juu mama mwenye nyumba hakutaka liguswe. Nilimulika tochi kwa chini, nikaona viwembe vingine vimekwama kwenye ubao wa mkingamo, mkono haufiki. Tukaziba kijitundu cha kabati kwa kipande cha bati. Kisha, kabla ya kufunika ukuta, nilichukua penseli nene ya useremala nikaandika kwenye nguzo, mahali atakapoona kwanza atakayeufungua: hadhari, viwembe juu. Niliandika kwa Kiingereza. Yule kijana wa Bukavu akaniomba penseli, akaandika tena chini yake kwa Kiswahili.