Pembetatu za Kando: Jinsi ya Kukata Mfarishi Usipinde



Katika kambi za mashamba na mitaa ya viwanda, wengi wetu huongeza kipato kwa cherehani. Mabaki ya vitambaa yaweza kuwa mfarishi, yaani blanketi la miraba iliyoshonwa pamoja. Kazi hii imewahi kulisha watu. Mwaka 1966, huko Alabama, Marekani, wanawake Weusi wa Wilaya ya Wilcox, wengi wao wa familia zilizolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee. Mifarishi yao iliuzwa mpaka New York, na ushirika ulidumu hadi mwaka 2012.

Mnunuzi wa mbali hatujui sura. Huiona kazi yetu tu. Mfarishi ukiwa na ukingo wa mawimbi, bei hushuka. Kosa hilo hutokea hasa pale miraba inaposimamishwa juu ya kona zake. Mpangilio huo hupendeza, lakini huacha mapengo ya pembetatu kandoni na katika kona nne. Basi tuangalie jinsi ya kuyajaza.

Wenzetu wa viwanda vya nguo wanajua kwamba kitambaa kina nyuzi za mtande na za mshindio. Ukikivuta kufuata nyuzi hizo, hakirefuki sana. Ukikivuta hanamu, yaani kutoka kona hadi kona, kinavutika. Kwa hiyo kanuni ni moja: upande wa pembetatu unaokaa ukingoni mwa mfarishi lazima ufuate nyuzi, usiwe hanamu.

Pembetatu ya kando hukaa ukingoni kwa upande wake mrefu. Kata mraba mkubwa, kisha uugawe mara nne kwa mistari miwili ya kona hadi kona. Hapo kila upande mrefu hufuata nyuzi.

Pembetatu ya kona hukaa ukingoni kwa pande zake mbili fupi. Kata mraba mdogo, uugawe mara mbili tu kwa mstari mmoja.

Sasa vipimo. Tuseme mraba ukishashonwa una sentimita 20, na nafasi ya mshono ni sentimita 1 kila upande. Mraba wenyewe utakatwa sentimita 22.

1. Kwa pembetatu za kando, zidisha 20 kwa 1.414, upate 28.3. Ongeza 5 za mishono: 33.3. Kata mraba wa sentimita 34.

2. Kwa pembetatu za kona, gawanya 20 kwa 1.414, upate 14.1. Ongeza 3.5: 17.6. Kata mraba wa sentimita 18.

Ziada hiyo ndogo hupunguzwa kwa rula baada ya kushona, lakini acha sentimita 1 nje ya kona za miraba, la sivyo mshono wa mwisho utazila ncha.

Mfarishi wa miraba 3 kwa upana na 4 kwa urefu, pamoja na miraba 6 ya kujaza katikati, unahitaji pembetatu 10 za kando na 4 za kona. Miraba mikubwa 3 hutoa pembetatu 12. Mbili zitabaki, zitunzwe. Miraba midogo 2 hutoa zote 4. Mfarishi utakuwa na upana wa sentimita 85 na urefu wa 113, unaomtosha mtoto mchanga.

Wako wanaoshona miraba mizima kandoni, kisha wakakata nusu inayotokeza. Hao hutupa kitambaa, na ukingo wanaobaki nao ni hanamu mtupu.

Wakati wa kupiga pasi, kandamiza tu, usivute. Kila kikundi kiandike vipimo hivi pamoja na kitambaa kilichotumika, ili bei ipangwe kwa hesabu wala si kwa kukisia. Mali bila daftari hupotea bila habari.