Fizikia: Kongo inatafuta wasichana wa kushika kazi hii

Kabla ya bomu la atomi, Shinkolobwe ilijulikana kwa radium. Madini ya kilima hicho kilicho karibu na Likasi, Haut-Katanga, yaligunduliwa mwaka wa 1915, na kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilikuwa ikiyasafirisha hadi Olen, Ubelgiji, ili kutoa radium iliyouzwa kwa bei kubwa duniani kote. Radium yenyewe iligunduliwa mwaka wa 1898 na Marie Curie pamoja na mume wake Pierre. Mwaka wa 1939, mwanamke mwingine, Lise Meitner, alieleza pamoja na mpwa wake Otto Frisch jinsi kiini cha uranium kinavyopasuka. Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo alipewa Otto Hahn peke yake. Uranium ya Shinkolobwe, nayo, ilisafirishwa hadi Marekani.

Hesabu ya Nobel ya fizikia inasema wazi. Tangu 1901, watu zaidi ya 200 wameipata, na wanawake ni watano tu: Marie Curie mwaka wa 1903, Maria Goeppert Mayer 1963, Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020 na Anne L'Huillier 2023. Goeppert Mayer alifundisha na kufanya utafiti miaka mingi bila mshahara, katika vyuo vikuu ambako mume wake alilipwa. Siku aliposhinda, gazeti moja la San Diego liliandika kwamba mama wa mji huo amepata Nobel, kana kwamba kazi yake kubwa ilikuwa jikoni.

Kwa upande wa Kongo, jina linalotajwa kwanza ni la Raïssa Malu. Alisoma fizikia Ubelgiji, akaifundisha, na tangu 2014 amekuwa nyuma ya Juma la Sayansi na Teknolojia, ambamo wanafunzi wa Kinshasa na kwingineko hupata nafasi ya kushika vyombo na kufanya majaribio kwa mikono yao. Kwa watoto wengi ni mara ya kwanza. Katika shule nyingi za inchi, fizikia ni ubao na chaki: mwalimu anachora mzunguko wa umeme, mwanafunzi anaunakili, na waya wenyewe hauonekani mpaka diploma ya serikali.

Mwaka wa 2024 aliingia serikalini kama waziri wa elimu ya taifa. Baba yake, marehemu profesa Félix Malu wa Kalenga, aliongoza kituo cha nguvu za nyuklia cha Kinshasa, ambako mtambo wa TRICO uliwashwa mwaka wa 1959, wa kwanza Afrika. Binti wa mwanasayansi alikuwa na kitabu na mfano nyumbani. Wasichana wengi hawana bahati hiyo, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Shida hiyo inaonekana wakati wa kuchagua masomo ya sekondari. Msichana mwenye pointi nzuri katika hesabu anaambiwa na shangazi, na jirani, na pengine mwalimu mwenyewe, kwamba fizikia ni ya wavulana. Achukue ualimu, biashara au ushonaji. Pesa za shule zikipungua, kaka ndiye anayeendelea. Hakuna anayemkataza kwa sheria.

Duniani, juhudi zina miaka yake. Muungano wa kimataifa wa wanafizikia, IUPAP, uliunda kikundi cha kushughulikia suala la wanawake mwaka wa 1999, na mkutano wa kwanza ulifanyika Paris mwaka wa 2002. Ule wa 2011 ulikuja Afrika, huko Stellenbosch, Afrika Kusini. Mikutano peke yake haimlipii mtu masomo, ni kweli. Jocelyn Bell Burnell alielewa hivyo. Akiwa bado mwanafunzi mwaka wa 1967 aligundua nyota ziitwazo pulsar, na Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake. Mwaka wa 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe wanawake, wakimbizi na wengine wasioonekana sana katika fizikia.

Afrika ina mifano yake pia. Francisca Nneka Okeke wa Nigeria, aliyechunguza mikondo ya umeme iliyo juu angani kwenye ikweta, alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO mwaka wa 2013. Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya fizikia katika chuo kikuu chake, Nsukka. Rajaâ Cherkaoui El Moursli wa Maroko, aliyeshiriki katika utafiti wa chembe ya Higgs, alifuata mwaka wa 2015.

Ikweta hiyohiyo inapita Mbandaka na karibu na Butembo. Huko Kinshasa, TRICO II, mtambo uliofuata ule wa 1959, umezimwa tangu 2004. Siku utakapowashwa tena, watakaohitajika kuusimamia ni wale wanaochagua masomo yao ya sekondari mwaka huu.